Mdomo wa Korongo la Mwoga

Jumapili, 7 Aprili 1957

Mama alininunulia daftari hili kwa ajili ya hesabu, lakini hesabu zangu bado zinaenea kwenye lile la zamani. Hili nitaliandikia mambo ya majira haya ya kuchipua, kuanzia ndama wa kwanza hadi siku ya kuwapiga chapa. Naitwa Nadine Tredway, nina miaka kumi na sita. Mbele ya watu sisemi sana. Kwenye karatasi sina shida hiyo.

Ndama waliozaliwa hadi leo ni mia moja arobaini na wawili. Kaka yangu Dale hajavua viatu tangu Alhamisi na mama amempiga marufuku sebuleni.

Kuna barua ya serikali. Mpima ramani anakuja kuchora upya eneo letu lote na kuandika jina la kila mahali. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha mezani, maana majina ya huku karibu yote yametoka kwa Amos Tredway, baba yake babu, aliyefika hapa Montana mwaka 1883 na ng'ombe mia sita kutoka Texas, wakati hapakuwa na uzio hata mmoja. Kuna Kijito cha Amos. Kuna Mlima Tredway. Kuna Kivuko cha Sufuria, ambapo gari lake la farasi la kubebea chakula lilipinduka, na sufuria ikaokotwa maili mbili kufuata mkondo wa mto.

Kuna pia Korongo la Mwoga. Hilo nalo limetoka kwake.

Jumatano, 10 Aprili

Niko mjini. Kutoka nyumbani hadi sekondari ni maili thelathini na nane, kwa hiyo siku za shule napanga kwa Bibi Augusta Brandvold, ambaye ni mjane, ana miaka sabini na minane, na hasemi mpaka aulizwe. Tunapatana sana.

Leo Roy Stokke kaniuliza darasani kama mpima ramani atamchora na Amos akiwa amefyata mkia. Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia baada ya chakula cha mchana.

Niandike basi asili ya jina hilo, nimalizane nalo. Januari 1887 kulikuwa na dhoruba ya theluji, na ng'ombe wa Amos wakawa wanasukumwa na upepo. Huku mtu hawaachi ng'ombe wake. Anawafuata hadi upepo utulie, hata ikichukua siku mbili. Amos aliwafuata hadi kwenye mdomo wa lile korongo la kusini, kisha akageuza farasi akarudi nyumbani. Ng'ombe waliingia korongoni wakafia humo. Hayo ndiyo yote tunayoyajua. Amos alikufa kwa teke la farasi wakati babu ana miaka kumi, na babu ana jino lililovunjika kwa kupigana shuleni kwa ajili ya jina hilo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nyumbani kwa Pasaka. Matope hadi magotini.

Jumamosi, 27 Aprili

Mpima ramani amekula kwetu. Anaitwa Bwana Feeney. Ni mwembamba, ana daftari la kijani na penseli nne mfukoni, na amepiga hema karibu na daraja. Mama alimpa viazi mara tatu, na mara zote tatu alisema ameshiba kabla ya kuvila.

Alitueleza utaratibu. Jina haliingii kwenye ramani mpaka watu wawili wa nyumba tofauti walitaje bila kusikilizana. Mwenye ardhi akilipinga kwa maandishi, mara nyingi mahali hapo huachwa patupu. Babu alisikiliza hilo la mwisho kama mtu anayekagua meno ya farasi kabla ya kumnunua.

Kisha babu akamtajia majina. Sijapata kumwona akiongea namna ile. Alieleza Kivuko cha Sufuria hadi Feeney akaacha kuandika ili acheke. Nilijiambia kuwa huyu ndiye Amos hasa, mtu aliyeiandika nchi nzima kwa kupita juu yake.

"Na hili korongo kubwa la kusini, Mzee Tredway?" Feeney akauliza. "Watu watano wamenitajia jina moja."

"Hawakukutajia kitu," babu akasema.

Dale aliangalia sahani yake. Baba aliomba chumvi, ambayo ilikuwa mbele yake.

Feeney alipoondoka babu alinigeukia akasema nina mwandiko mzuri.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeandika barua ya kupinga. Nimeiandika mara nne, na ya nne ni nzuri, nasema hivyo bila aibu. Inasema: "Jina hilo halimpi heshima mwanzilishi wa wilaya hii, wala halina msingi katika ukweli wowote unaojulikana." Sentensi hiyo nimeiunda mwenyewe. Babu aliisoma polepole akaweka sahihi. Alinishika bega. Babu hashiki watu mabega.

Alhamisi, 2 Mei

Feeney anayo barua. Mvua.

Jumamosi, 11 Mei

Majani yameota. Wiki ijayo ng'ombe themanini na ndama wao watapelekwa malisho ya juu, ng'ambo ya korongo. Dale ndiye atakayewapeleka, peke yake kwa mara ya kwanza. Amepaka mafuta tandiko lake ambalo halihitaji mafuta.

Jumapili, 19 Mei

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na hali ya hewa.

Jana asubuhi kulikuwa na joto. Mama alianika mashuka. Dale aliondoka saa moja na ng'ombe wake themanini, mikono ya shati ameikunja. Baba alikuwa mnadani Miles City. Saa sita kasoro upepo uliacha kuvuma kabisa, na farasi wote zizini wakageuza makalio yao kaskazini. Babu alikuwa anaparuza kwato. Aliinua kichwa, akaenda kutandika farasi wake bila kumwambia mtu.

Tulipomaliza kuanua mashuka tayari theluji ilikuwa inapita kimlalo, siyo kushuka. Babu hakuweza kuvuka lango la pili. Goti lake halishiki tena farasi anapoteleza. Alirudi akasimama barazani, na mama akamwambia mara tatu aingie ndani, na mara ya nne hakumwambia.

Saa kumi Dale alirudi. Peke yake. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mzee, na ilibidi mama na mimi tumfungue vidole kwenye hatamu, kimoja kimoja.

Alizungumza akiwa ameinamia jiko. Alisema upepo uliwageuza ng'ombe wakaanza kushuka nao, naye akawafuata. Alisema kwenye mdomo wa korongo hakuwa anaona masikio ya farasi wake mwenyewe.

"Nikageuka," alisema.

"Ng'ombe wako wapi?" babu akauliza.

"Sijui."

"Umewaacha."

 Babu alivua kofia, akaikung'uta theluji, akaivaa tena.

"Basi," alisema, "sasa tunao wawili."

Hakuna aliyeuliza wawili wa nini. Mama alisema "Wendell!" kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa baba mkwe wake. Dale alijifunga blanketi akaenda chumbani kwake.

Leo jua linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Tulikwenda korongoni na baba, Dale na mimi. Ng'ombe wengi walikuwa wametoka wenyewe upande wa pili. Ndama thelathini na mmoja na majike wanne walikuwa chini ya ukingo, wamekufa, wamelaliana. Dale alifungua kila sikio kutazama alama. Hakukosa hata mmoja. Nilimwambia kwamba angewafuata angekuwa hapa pamoja nao. Alisema najua, Nadine, sikuwa na haja ya kuambiwa. Halafu akasema, lakini ungemwambia babu.

Sikumwambia. Tulikula chakula cha jioni, nikampitishia babu mkate.

Jumatano, 22 Mei

Baba kapiga simu kwa Bibi Augusta kunijulisha. Dale amejiandikisha jeshini. Anaondoka tarehe kumi na saba Juni.

Jumapili, 26 Mei

Babu na Dale wanapishana zizini kama watu wawili waliobeba ngazi. Mama ameacha kupika vitu wanavyovipenda wote wawili, kwa sababu hawawezi kuvila kwa pamoja.

Jumanne, 28 Mei

Nitaandika kwa uangalifu, kwa kuwa huenda hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote nitakazoandika.

Bibi Augusta alikuwa anamenya viazi na mimi nilikuwa nasoma. Nilimwambia kuhusu barua yangu ya kupinga. Nakiri nilikuwa najisifu. Nilimsomea ile sentensi.

Aliweka kisu chini.

"Halina msingi?" alisema. "Wewe binti, nani alikwambia halina msingi? Amos mwenyewe ndiye aliyelitoa."

Nilimwomba anieleze. Akashangaa kwamba naomba. Huku watu hawamsimulii mtu habari za ukoo wake mwenyewe. Ni utovu wa adabu, ni kama kumfundisha mtu kufungua lango lake. Kila mmoja anaamini mwenzake anazijua. Nadhani wilaya nzima imekuwa ikitufichia siri hii kwa heshima.

Amos hakuwa peke yake siku ile. Alikuwa na vijana wawili wa ranchi ya jirani, ndugu wawili walioitwa Purdom, na ng'ombe wao walikuwa wamechanganyika na wake. Kwenye mdomo wa korongo Amos alisema warudi. Wale vijana walikataa. Walisema hawatachekwa. Amos akageuka peke yake. Wale ndugu walipatikana mwezi wa tatu, wameshakufa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata wafugaji wote walikutana, kama ilivyokuwa desturi wakati huo, kukusanya ng'ombe wa eneo zima pamoja na kuwatenga kwa chapa. Kiongozi alikuwa akiita chapa, na mwenye nayo anasimama kujibu amebakiwa na wangapi. Bibi Augusta alikuwa na miaka minane, amekaa kwenye gari la baba yake. Chapa ya Amos ilipoitwa alisimama akasema kumi na tisa. Wakamuuliza wengine wako wapi. Akasema wako korongoni, na kwamba kwenye mdomo wake aliogopa akageuka. Hakutaja upepo. Hakuwataja akina Purdom, ambao baba yao alikuwa amesimama pale pale.

Mtu mmoja nyuma alisema, basi hilo ni Korongo la Mwoga. Wakacheka.

"Amos alingoja wamalize kucheka," Bibi Augusta aliniambia. "Kisha akasema: Liiteni hivyo. Ila kila kijana mtakayemwajiri, mwonyesheni lilipo."

Na wakafanya hivyo. Baba yake Augusta aliwafundisha watoto wake wote: upepo ukitoka kaskazini nawe umefika kwa Mwoga, unageuka, na hakuna atakayekuuliza kitu. Kaka yake Nils aligeuka hapo mwaka 1906. Alinitajia na wengine watatu. Mmoja ni babu yake Roy Stokke.

Nilimwambia lazima aje kwetu amwambie babu.

"Mtu hapelekewi habari za baba yake mlangoni kama chupa ya maziwa," alisema, akachukua kisu chake. "Wewe ndiye Tredway. Peleka wewe."

Jumamosi, 1 Juni

Niliyaandika yote, karatasi nne, nikaziweka chini ya kikombe cha kahawa cha babu. Ulikuwa mpango mzuri. Babu aliinua kikombe, akatazama karatasi, akasema miwani yake iko ghalani.

"Soma," alisema.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Sauti yangu ilitetemeka hadi karatasi ya pili, kisha ikaacha, kwa sababu Amos alikuwa amesimama mbele ya watu wale na haikuwa haki nimsimulie kwa mnong'ono. Dale alikuwa mlangoni na ndoo. Hakuingia wala hakuondoka.

Nilipomaliza babu alisema Augusta alikuwa na miaka minane tu. Akatoka kwenda kushona mshipi wa tandiko. Mshipi ule umeshonwa tangu Machi.

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi kutoka shuleni nikakuta lori la babu mbele ya nyumba ya Bibi Augusta. Alikuwa ameketi jikoni, kofia juu ya goti. Nilitaka kupita kimya kwenda chumbani lakini mbao za sakafu zililia, na babu akanionyesha kiti.

Walikuwa wameshazungumza mengi. Nilichokisikia ni hiki tu.

"Miaka yote hii, Augusta," babu alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Ulikuwa unapigana kila wiki nyuma ya shule. Nani anapigania kitu asichokijua?"

Babu aligusa jino lake kwa ulimi.  Kisha akauliza baba yake alikuwa na sauti ya namna gani siku ile aliposimama, kwa sababu yeye amesahau sauti yake kabisa.

Bibi Augusta alifikiri. Akasema ilikuwa ya kawaida. Kama mtu anayetaja siku ya juma.

Alhamisi, 6 Juni

Shule imefungwa. Mtihani wa mwisho wa historia ulikuwa rahisi mno. Babu hajasema lolote, na zimebaki siku kumi na moja Dale aondoke.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya chapa. Majirani wa nyumba kumi na moja walifika kabla ya saa kumi na mbili, kama sisi tulivyokwenda kwao na tutakavyokwenda. Dale na Roy Stokke waliangusha ndama, mimi niliandika idadi na kubeba dawa. Vumbi, moshi wa manyoya, majike wote wanawatafuta ndama wao kwa pamoja. Nilikuwa na furaha, nashangaa kusema.

Mzee Orville Stokke, babu yake Roy, alikaa juu ya uzio akikosoa kila mtu. Alimwambia Dale anaangusha ndama kama mtu anayetandika kitanda cha mama mkwe. Kisha akasema, bila kushusha sauti, kwamba amesikia kijana aligeuka kwa Mwoga tarehe kumi na nane, na kwamba yeye mwenyewe aligeuka mwaka elfu moja mia tisa na tisa, na alifika nyumbani amejikojolea, na mkojo umeganda.

Roy alikuwa ameshika mguu wa ndama. Aliuachia. Ndama akampiga teke la kifua.

Watu walicheka hadi chapa zikapoa. Babu hakucheka. Alikuwa anamtazama Orville, rafiki yake wa miaka hamsini.

Wakati wa chakula Feeney alitokea, maana harufu ya nyama inafika hadi darajani. Babu alimwendea mbele ya watu wote akamwomba ile barua. Nilifikiri ataitupa kwenye moto wa chapa, na nilikuwa tayari kuvumilia. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Lakini haina msingi."

Feeney alifungua daftari la kijani. Alisema jina litaingia basi, ila kuna jambo moja. Hawezi kuandika jina hewani. Korongo lile lina midomo mitatu, na lazima mtu amwonyeshe ni upi.

Watu walimtazama babu. Babu alifungua mdomo, nami nikaona kwamba hajui. Alikuwa amepita mbali na mahali pale maisha yake yote.

"Muulize Dale," alisema.

Jumapili, 9 Juni

Tulikwenda wanne, Dale mbele, halafu Feeney kwenye farasi wetu mpole, halafu babu, halafu mimi. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Feeney, ambaye alikuwa akizungumza na farasi.

Dale alipita mdomo wa kwanza bila kuutazama. Kwenye wa pili aligeuza kichwa kidogo. Wa tatu ni mpana, na nyasi zake zimefika kwenye tumbo la farasi sasa. Kwa siku ya jua mtu angesema ni lango la kawaida la malisho. Alisimama karibu na jiwe la rangi ya kutu.

"Hapa," alisema.

Feeney akamuuliza kama ana hakika.

"Farasi alikanyaga hili jiwe. Nilishuka nikalipapasa. Nilikuwa nalihesabu kama kitu cha mwisho ninachokijua."

Feeney alipiga alama. Akauliza jina kwa utaratibu wake, kama vile hajui, na Dale akalitaja. Akauliza asili ya jina. Dale alimtazama babu.

Babu alishuka. Goti lake linamchukua muda kushuka, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia. Alitembea hadi kwenye jiwe, akalipita hatua moja, akasimama akitazama chini korongoni, mahali ambapo mizoga ya ndama wetu bado inaonekana. Kisha akageuka kuangalia njia tuliyotokea, hadi nyumbani, maili sita bila mti hata mmoja. Nilimwona akiipima.

"Ulitoka hapa," alisema, "na upepo ule usoni?"

"Ndiyo, babu."

"Na huoni kitu."

"Sioni."

 Feeney alikuwa ameinua penseli, mtu mwenye subira kweli kweli.

"Mimi ningegeuka kule nyuma," babu alisema. "Kwenye mdomo wa kwanza."

Dale alianza kucheka. Alicheka akaegemea shingo ya farasi wake, na babu naye akaanza, bila sauti, mabega yakimtikisika, na alipotaka kupanda tena alinyoosha mkono wake pembeni bila kumtazama mtu, na Dale akaushika.

Feeney aliniuliza mimi aandike nini kwenye safu ya asili ya jina. Nikamwambia: Lilitolewa na Amos Tredway, aliyegeuka hapa. Nililisema kwa sauti ya kawaida, akaandika.

Dale bado anaondoka tarehe kumi na saba. Jioni hii babu alimuuliza jeshi linakaa na mtu miaka mingapi.

"Miwili," Dale akasema.

Babu akasema basi ataweka tandiko la Dale mahali pasipofika panya.